Vigae vya Iznik si pambo la ukuta tu

Naongoza wageni Istanbul, wengi wao kutoka Dar, Mombasa na Unguja, na nikiwaambia kwamba vigae vya Iznik, mji wa Uturuki, vilifanya pia kazi ya diplomasia, katika kila msafara hakosi mtu wa kuniambia: "Si marembo tu haya? Diplomasia inafanyika ikulu." Nimelisikia mno, nalijibu leo.

Mtu wa namna hiyo simwanzishii Msikiti wa Sultan Ahmed wenye vigae zaidi ya 20,000. Nampeleka ubavuni mwa Hagia Sophia, kwenye kaburi la Selim II, sultani wa Dola ya Uthmaniyya, lililosanifiwa na Sinan, msanifu majengo mkuu wa dola hiyo. Mlango umezungukwa na kuta mbili za vigae, kulia na kushoto, maua yaleyale. Ukipita mbiombio utadhani pacha. Simama uangalie. Upande mmoja rangi zina uhai, wekundu umetuna chini ya mng'aro. Wa pili umepooza. Huo wa pili ni nakala iliyofinyangwa Ufaransa. Asili yake iliondolewa mwishoni mwa karne ya 19 na Mfaransa Albert Dorigny kwa kisingizio cha ukarabati, na sasa imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Uturuki inaidai irudishwe, na imebandika maelezo palepale mlangoni ili kila mgeni ayasome. Pambo tu lingedaiwa hivyo?

Wala si jambo la jana. Karne ya 16 Sultan Süleyman, baba yake Selim, alizivika vigae kuta za nje za Kuba la Mwamba, Jerusalem. Kila aliyekwenda kuzuru alirudi kwao akijua mji uko mikononi mwa nani. Mwaka 2016 ufundi huu ukaingia kwenye orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika, kwa ombi la Uturuki yenyewe.

Wengine huniambia: "Çini, jina la Kituruki la vigae hivi, maana yake China, basi ni vitu vya Mchina." Jina tu. Kauri ya China ilipendwa kasri la Topkapı kama ilivyopendwa na wazee wetu waliopachika bakuli zake kwenye makaburi ya Kunduchi. Lakini kigae cha Iznik ni kwatzi, yaani jiwe gumu jeupe, iliyosagwa, si udongo mweupe wa China.

Wengine tena: "Ni kazi ya Waturuki watupu." Hapana, na hili huniuma. Kwenye vigae vya Kuba la Mwamba fundi aliyeandika jina lake ni Abdullah wa Tabriz, mji wa Uajemi. David Ohannessian, Mwarmenia wa mji wa Kütahya, Uturuki, aliyefukuzwa kwao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndiye aliyeitwa Jerusalem mwaka 1919 kuvikarabati vigae hivyohivyo. Karakana aliyoifungua huko ilizaa ufundi unaoitwa hadi leo vigae vya Kiarmenia. Balozi anayesifia çini bila kumtaja mtu huyu hajamaliza habari.

Na mnaonunua sokoni: shikeni vigae viwili vya nakshi moja, mvilinganishe dirishani. Mkono wa mtu haurudii ua sawasawa. Vikilingana nukta kwa nukta vimechapishwa. Lipeni bei ya kuchapishwa.