Bioteknolojia Huanzia Kwenye Togwa

Dirisha la udahili likifunguliwa, ofisi zetu hapa Dar es Salaam hazikauki watu. Kijana kamaliza kidato cha sita na PCB yake (fizikia, kemia na baiolojia), mzazi kashika bahasha ya vyeti, na swali karibu huwa lilelile: "Mwalimu, hiyo bioteknolojia si ndiyo ya kupima DNA za watoto?" Ni sehemu yake, tena ndogo, na vinasaba vya binadamu vina sheria yake tangu mwaka 2009. Huwezi tu kufungua kibanda Manzese ukaanza kuwatafutia watu baba zao.

Kisha nawaambia kwamba bioteknolojia ni kuvitumia viumbe hai, au vilivyomo ndani yao, kufanya kazi tunayoitaka, na nawauliza kama wamewahi kutengeneza togwa. Uji mzito wa mahindi ukishapoa hadi vuguvugu hutiwa unga wa kimea cha ulezi. Baada ya dakika chache mwiko uliokuwa umesimama wenyewe unaanza kuyumba. Uji umelegea, na hakuna aliyeongeza maji. Kimea kina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, na hivi hukatakata wanga kuwa sukari. Baadaye bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, togwa ikachachuka. Bibi hakuwa na jina la kisayansi la jambo hilo, ila alijua kimea hakitiwi kwenye uji unaochemka. Moto huviua vimeng'enya.

Ukiielewa togwa, PCR, yaani njia ya kunakili DNA kwa kutumia kimeng'enya, haikutishi. Ndiyo ile iliyovuma wakati wa korona. Kipande cha DNA hupashwa moto hadi nyuzijoto 95 hivi ili kamba zake mbili ziachane, kikapozwa, kisha kikapandishwa hadi 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Mizunguko 30 ikienda vizuri, kipande kimoja huzaa nakala kama bilioni moja. Kary Mullis, Mmarekani, aliibuni njia hiyo mwaka 1983, lakini mwanzoni kimeng'enya kilipikika kila mzunguko, ikabidi kingine kiongezwe tena na tena. Ufumbuzi ulitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, ambaye kimeng'enya chake kinavumilia joto hilo.

Sasa tuje kwenye muhogo, maana hapo ndipo misingi inapolipa au kudai. Tuna magonjwa mawili makubwa, batobato na michirizi ya kahawia. Huu wa pili ulielezwa kwa mara ya kwanza kutoka Amani, Tanga, mwaka 1936. Yote mawili huenezwa na nzi weupe na kwa vipando vyenye ugonjwa. Mwanafunzi akiletewa majani kutoka Mkuranga, anatoa DNA, anaendesha PCR, anaiona batobato vizuri kabisa. Anatumia DNA ileile kutafuta michirizi, hapati kitu, anaandika kwamba mmea hauna michirizi. Kumbe kirusi cha michirizi hakina DNA. Taarifa zake zimo kwenye RNA, ndugu wa DNA mwenye kamba moja, na RNA lazima kwanza igeuzwe kuwa DNA ndipo PCR iione. Mkulima akiliamini jibu hilo atapanda ekari nzima kwa vipando hivyo, kisha atavuna mihogo yenye sura nzuri ambayo ukiipasua ndani ina mabaka magumu ya rangi ya kutu. Mashine ilifanya ilichoambiwa.

Ndiyo maana mwaka wa kwanza tunawachosha vijana na kemia, hesabu za moli, seli, vijidudu na takwimu. Wapo wanaonung'unika tunapowapa pipeti, kifaa cha kupimia vimiminika kidogo sana, wapime maji tu, siku baada ya siku: maikrolita 100 juu ya mizani lazima zisome gramu 0.1. Wao walidhani wamekuja kubadilisha jeni.

Na kuna tyubu ya kontroli. Katika kila seti ya PCR tunaweka tyubu moja yenye kila kitu isipokuwa sampuli. Mahali pa sampuli tunatia maji. Tyubu hiyo ikitoa jibu, kuna uchafu umeingia, na majibu yote yanatupwa. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kutupa kazi ya wiki tatu kwa sababu maji yangu "yalikuwa na muhogo". Nilikuwa nimerudia ncha moja ya pipeti, nikiwahi daladala ya Mbagala.

Kuhusu kazi, nisiwadanganye: hazikungoji getini. Wapo wanaoingia kwenye utafiti wa kilimo, kama kituo cha Mikocheni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), wengine viwanda vya vinywaji na maziwa. Lakini anayetaka kupima wagonjwa hospitalini asome sayansi ya maabara ya tiba. Ile ni kozi nyingine, yenye usajili wake, na kila mwaka kuna kijana anayegundua hilo akiwa ameshachelewa.

Anayesubiri majibu ya udahili ajaribu hili jikoni. Chukua vikombe viwili vya uji mzito vuguvugu. Kimoja kitie kimea kibichi. Kingine kitie kimea kiasi kilekile, lakini kilichochemshwa kwanza kwa dakika kumi na kuachwa kipoe. Koroga, weka vijiko, subiri robo saa, uone kijiko kipi kitaanguka.