Kulamba Brashi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukimtazama mtu anayepaka rangi sanamu ndogo, zile za kimo cha milimita 28 au 32, huenda ukaona brashi ikienda mdomoni bila mwenyewe kujua. Jicho la sanamu ni dogo kuliko kichwa cha pini, nyuzi za brashi zimetawanyika, midomo inazibana, ncha inarudi. Tabia hii ni kongwe na ina watetezi wengi, ila hoja zao zimesimama juu ya nusu ya ukweli. Tuanze na ile inayozibeba nyingine zote.

“Ncha kali haipatikani bila mate”

Kinachozikusanya nyuzi za brashi ni maji. Zikiwa na unyevu wa kiasi, mvutano wa uso wa maji huzibana pamoja hadi kileleni. Zikikauka hutawanyika, na zikilowa kupita kiasi hubeba tone zima linaloifunika ncha. Mate yenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 99. Kinachobaki ni chumvi, ute na protini, na hakuna kati ya hivyo kinachochonga ncha. Midomo hufanya kazi mbili tu: kufyonza maji ya ziada na kuziviringisha nyuzi. Zote mbili zinafanywa vizuri zaidi na karatasi yenye unyevu.

Utaratibu ni huu. Lowesha brashi kwenye maji safi kabla ya kugusa rangi, kisha igusishe kwenye tishu ili maji yaliyozidi yatoke. Nyuzi zilizokwisha kunywa maji haziruhusu rangi kupanda hadi kwenye pete ya chuma inayozishikilia nyuzi kwenye mpini. Chovya hadi theluthi moja ya urefu wa nyuzi, nusu ikizidi sana. Ilaze brashi kwa mwinuko mdogo juu ya paleti (kibao cha kuchanganyia rangi), uivute kuelekea kwako huku ukizungusha mpini kati ya kidole gumba na cha shahada. Mzunguko huo ndio unaochonga. Kuvuta peke yake hutoa ncha bapa kama patasi. Mwisho, gusisha tumbo la brashi kwenye tishu yenye unyevu kwa muda wa kupepesa jicho. Ni tumbo, si ncha: ukigusisha ncha, tishu inanyonya rangi yote uliyotaka kuipaka, na kwenye sanamu utapata mkwaruzo mkavu.

Jaribu mstari mmoja pembeni mwa paleti kabla ya kugusa sanamu. Wengi hujaribia kwenye ukucha wa gumba. Ni afadhali kuliko ulimi, lakini kidole hichohicho baadaye kitashika chakula.

Kama umefanya yote hayo na ncha bado haiji, tatizo liko kwenye brashi. Brashi inayodai mate ni brashi mgonjwa, na kuilamba kunaficha ugonjwa. Mara nyingi rangi imekauka ndani ya pete na kuzisukuma nyuzi mbali, na hapo utaona brashi imepasuka katikati kama ulimi wa nyoka. Itumbukize nyuzi kwenye alkoholi ya isopropili kwa dakika chache, kisha ioshe kwa sabuni ya brashi, povu likitoka na rangi urudie mpaka litoke jeupe. Kwa manyoya ya asili, kama yale ya kolinski (mnyama wa jamii ya kicheche), usiifanye dawa hiyo kuwa mazoea, maana alkoholi huyakausha. Brashi za nyuzi za sintetiki zina ugonjwa wao: ncha inajikunja kama ndoana. Maji ya moto yasiyochemka, sekunde chache, nyuzi tu bila kufikisha pete (gundi iliyo ndani hulainika kwa joto), halafu zinyooshe kwa vidole na uziache zipoe. Dawa hii haidumu. Ndoana itarudi, na brashi hiyo itabaki ya kupakia rangi za msingi.

“Kopo limeandikwa kwamba si sumu”

Hapa ndipo wengi wanapojiamini kuliko inavyostahili. Maandishi hayo yanahusu matumizi ya kawaida ya rangi, na rangi hutengenezwa ipakwe. Kunyonya brashi mara kwa mara, jioni baada ya jioni kwa miaka, si kazi ambayo kopo liliandikiwa.

Alama ya ASTM D4236, kiwango cha Marekani cha maandishi ya usalama kwenye vifaa vya sanaa, nayo husomwa vibaya. Sheria ya Marekani ya 1988 inataka vifaa vya sanaa vipimwe kwa madhara ya muda mrefu na viwekewe onyo panapohitajika. Alama inasema tu kwamba upimaji na uwekaji wa maandishi umefuata kiwango hicho. Bomba la rangi yenye kadimiamu (metali nzito) linaweza kuwa na alama hiyo na, mstari unaofuata, onyo la hatari. Kwa hiyo soma mistari yote.

Kisha tafuta namba za pigimenti, yaani unga unaotia rangi, zile zinazoanza na P. PR108 na PY35 ni kadimiamu. PB28 ni kobalti. PW1 ni nyeupe ya risasi, yaani ile metali yenye sumu, na PY34 ni kromati ya risasi. PR106 ni zebaki. Upande wa pili, PBk7 ni masizi ya kaboni, PR101 na PY42 ni oksidi za chuma, yaani kutu iliyosafishwa. Jina la rangi peke yake halitoshi: bomba lenye neno “hue” baada ya jina la kadimiamu kwa kawaida halina kadimiamu, limeigiza rangi yake tu. Makopo mengi ya rangi za sanamu hayaandiki namba zozote, na anayelamba kopo la namna hiyo analamba asichokijua.

Hata pigimenti ikiwa kutu tupu, rangi ya akriliki ina vingine ndani: gundi ya akriliki, glikoli, sabuni za kuchanganyia, na dawa za kuzuia ukungu, mara nyingi za jamii ya isothiazolinoni. Hizi zinajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi, na mwili ukishaukamata mzio huo kwa kawaida hauuachi. Midomo ni ngozi nyembamba kuliko ya mkono.

“Kiasi chenyewe ni kidogo mno”

Ni kidogo kweli, kila mara moja. Anayechonga ncha kila baada ya dakika mbili, kwa saa tatu, ameipeleka brashi mdomoni mara 90.

Tuchukue kadimiamu. Njano ya kadimiamu ni salfaidi, yaani kadimiamu iliyoungana na salfa, na milligramu 1 ya pigimenti safi ina kadimiamu ipatayo milligramu 0.78. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2009 kikomo cha mikrogramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni milligramu 0.15. Usilinganishe namba hizi mbili moja kwa moja: salfaidi hiyo huyeyuka kwa shida, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka, na hata kadimiamu ya chakula hufyonzwa kwa asilimia chache tu, zaidi kwa mwenye upungufu wa madini ya chuma. Lakini kinachofyonzwa hukaa kwenye figo, na nusu yake tu huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo hufyonza risasi waliyomeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kutolamba brashi mbele ya mtoto anayejifunza kwa kutazama.

“Hadithi za radiamu hazituhusu”

Rangi za leo hazina radiamu, ile metali yenye mionzi, hilo halina ubishi. Katika miaka ya 1910 na 1920, wasichana waliopaka namba zinazong’aa kwenye nyuso za saa huko Orange, New Jersey, Marekani, walifundishwa kazini kuichonga brashi kwa midomo. Mwili huichukulia radiamu kama kalsiamu na kuiweka mifupani. Taya zilioza, mifupa ikavunjika, wengi wakafa. Mwaka 1928 watano waliokuwa wameishtaki kampuni walikubali malipo ya dola 10,000 kila mmoja na dola 600 kwa mwaka.

Kinachotuhusu ni njia, sumu ikiwa nyingine. Dozi ndogo isiyo na ladha, inayorudiwa mamia ya mara, ya kitu kinachojificha mifupani. Na jambo lenyewe lilikuwa limeonekana zamani: tabibu Jean Fernel wa Ufaransa, katika karne ya 16, aliandika habari za mchoraji aliyepooza vidole na mikono, aliyekuwa akikamua brashi zake kwa vidole na pia kuzinyonya. Fernel alishuku sinabari, rangi nyekundu ya zebaki, ambayo leo ndiyo PR106.

“Ingekuwa sumu ningeonja”

Nyeupe ya risasi haionyi kwa ladha, na asetati ya risasi ni tamu.

“Ukilamba mara moja umekwisha”

Hii nayo ni dhana potofu, ya upande wa pili, na inaharibu kazi ya kuelimisha. Aliyegusa ulimi kwa rangi ya akriliki ya maji kwa bahati mbaya asukutue mdomo, ateme, aendelee na kazi yake. Akitishwa kwa kifo ambacho hakiji, kesho hatasikiliza onyo la kweli.

Vimumunyisho, yaani vimiminika vya kuyeyushia rangi, ni habari tofauti kabisa. Rangi za enameli, za kuzeesha sanamu na za lakari huchanganywa na tapentaini ya madini au tina (thinner). Akimeza mtu, asitapishwe: hatari kubwa ni kimiminika kuingia kwenye mapafu wakati wa kutapika. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

“Mate husafisha, hata makumbusho wanayatumia”

Kweli wanayatumia. Wahifadhi wa sanaa husafisha uchafu juu ya picha za kale kwa pamba iliyoloweshwa mate, na utafiti uliopima uwezo huo ulipata tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2018. Ila tazama mwendo wenyewe: mate hutoka mdomoni kwenda kwenye pamba, na pamba iliyochafuka hutupwa. Anayelamba brashi anaurudisha uchafu mdomoni. Isitoshe, anapeleka vijidudu vya kinywa kwenye kopo la rangi, na akiazima brashi ya mwenzake wanaazimana na vijidudu pia.

“Brashi mpya lazima ilambwe kidogo ilainike”

Ugumu huo ni gundi au wanga wa kulinda ncha safarini. Maji ya uvuguvugu, dakika chache, usiisugue.

“Nisipolamba rangi yenyewe niko salama”

Sanamu nyingi za metali za zamani, kabla watengenezaji wengi hawajahamia metali isiyo na risasi katika miaka ya 1990, zilikuwa na risasi ndani. Zikikaa vibaya hutoa unga mweupe. Brashi iliyopita juu ya unga huo, au juu ya vumbi la tupa, hubeba risasi hata ukiwa umechovya maji matupu. Zioshe, uzipake rangi ya msingi, na unawe mikono kabla ya kula. Kikombe cha kinywaji kiwe na kifuniko na kikae upande wa mkono usioshika brashi, mbali na maji ya kusuuzia.

“Mazoea haya hayaachiki”

Mkono unatafuta mahali pa karibu, basi upe. Weka sponji yenye unyevu kati ya sanamu na paleti, karibu kuliko mdomo, uibadilishe kila siku. Wiki ya kwanza vaa barakoa. Brashi itagonga kitambaa mara nyingi kuliko unavyodhani. Baada ya kuosha, ichonge ncha kwa vidole vyenye sabuni ya brashi na uilaze ikauke hivyo. Kesho yake isuuze kabla ya kuanza, na ukisahau na kuilamba, ladha ya sabuni itakukumbusha.

Aliyelamba kwa miaka rangi zenye risasi anaweza kumwomba daktari kipimo cha risasi katika damu. Kwa kadimiamu hupimwa damu na mkojo. Aende na orodha ya namba za pigimenti. Daktari hataweza kukisia kutokana na jina kama “nyekundu ya joka”.