Stori A na stori B kwenye sitikomu, maana yake nini hasa

Sitikomu, yaani kipindi cha vichekesho cha TV chenye wahusika wale wale, ya nusu saa ukitoa matangazo inabaki na dakika kama 22 hivi, na humo ndani mara nyingi hakuna stori moja, zipo mbili au tatu zinaenda sambamba. Ile kubwa ndo inaitwa stori A: mhusika anataka kitu, kuna kizuizi, anadanganya au analazimisha, mambo yanazidi kumharibikia mpaka yanafika pabaya kabisa, na pale pabaya ndo wanakata kwenda matangazo ili usihame chaneli. Stori B ni fupi zaidi, kawaida wanapewa wahusika ambao kwenye A hawana kazi. C ni kichekesho kinachojirudia tu, tuiache.

Sasa B wengi wanaichukulia kama ya kujazia muda, na mimi hapo nakataa kabisa. Angalia inavyofanya kazi: mtu kwenye A anasema sawa nitaenda, wanakata kwenda B, wakirudi jamaa ameshafika na ameshaharibu, safari hukuiona na wala hukuihitaji, yaani B ndo inampa mwandishi ruhusa ya kuruka muda.

Na ikiandikwa vizuri inarudi kuigonga A. Kuna epi (episodi) ya mwaka 1994 ya Seinfeld, sitikomu ya Marekani kuhusu Jerry na marafiki zake kina George na Kramer. Jerry anamdanganya dada mmoja waliyesoma naye chuo kwamba George ni mtaalamu wa viumbe vya baharini, George naye anaendeleza uongo. Pembeni huko, kwenye B, Kramer ameenda ufukweni kupiga mipira ya gofu baharini, unacheka yanapita, unaona ni utoto wake tu. Baadaye George anatembea ufukweni na yule dada, wanakuta nyangumi anakufa, watu wanauliza kama kuna mtaalamu, hana pa kukimbilia, anaingia majini. Uokoaji wenyewe hatuuoni! George anawasimulia wenzake mgahawani, anasema kuna kitu kilikuwa kimeziba tundu la pumzi la nyangumi, anawaonyesha, mpira wa gofu, na Kramer amekaa hapo hapo anamsikiliza.

Sio lazima B ikutane na A hivyo kila wiki, ni ngumu mno. Nyingine zinashea mada tu, mfano huku mume anaficha siri na huku mtoto anaficha yake, zinaisha bila kugusana na epi bado inasimama vizuri.