Dahab mwezi wa Septemba: joto kavu linavowadanganya watu wa Pwani

Kila mwaka kuanzia mwisho wa Agosti napokea wageni kutoka nyumbani, Mombasa, Dar, Unguja, wanakuja kuzamia huku Dahab, Misri, na karibu wote wananiambia joto wamelizoea. Hapo ndo naanza kuwa na wasiwasi.

Joto la kwetu lina unyevu, jasho linatiririka shati linalowa, unajua kabisa maji yanakutoka. Dahab (jina lenyewe ndo hii hii dhahabu yetu) iko Sinai, kwenye Ghuba ya Aqaba, tawi la Bahari ya Shamu, nyuma yake milima mitupu ya jangwa, hewa kavu mno afu upepo wa kaskazini unapiga karibu kila siku, kwa hiyo jasho linakauka hata hujaliona, unatembea kwenye joto la nyuzi 38 na unajisikia poa tu.

Sasa huku kuzamia kwingi ni kwa kuingilia ufukweni. Unavaa wetisuti (nguo ya mpira ya kuzamia) juani, unabeba mtungi wa hewa, na risasi (vyuma vizito vya kukuzamisha) nyingi kuliko ulizozoea maana Bahari ya Shamu ina chumvi karibu gramu 40 kwenye kila kilo ya maji, yetu 35 hivi, inakunyanyua zaidi, afu unatembea na huo mzigo wote juu ya mawe. Pale Canyon, moja ya sehemu zetu za kuzamia, mwanafunzi wangu mmoja alishikwa na kizunguzungu kabla hajalowesha hata mguu, tukamvua, tukamlaza kivulini, siku ikaishia hapo. Tangu siku hiyo vifaa tunafunga kivulini, wetisuti inaishia kiunoni mpaka tumalize maelezo yote.

Maji yenyewe raha, nyuzi 28 hivi.

Mbona nasisitiza kunywa maji? Ukiwa chini unavuta hewa yenye presha, naitrojeni inayeyuka kwenye damu na misuli, ukipanda inatakiwa itoke taratibu kupitia mapafu, na inayoibeba ni damu. Mwili ukikauka damu inapungua, haizunguki vizuri, gesi inachelewa kutoka, na ikigeuka mapovu kwenye viungo au uti wa mgongo unahitaji chemba ya presha, tena haraka.

Kosa lingine ambalo wageni hawalioni kabisa ni Jabal Musa, yaani Mlima Sinai. Waislamu na Wakristo wote wanautamani ule mlima, na ziara zinaondoka Dahab usiku ili mkaone jua likichomoza kileleni, mita 2,285. Mtu kazamia mara mbili mchana, usiku yuko kwenye gari anapandishwa mlimani, na kwa mwili wake hiyo ni kama kupanda ndege, presha ya nje inashuka na naitrojeni bado imo. Ndege tunasubiri angalau masaa 18 baada ya siku za kuzamia mfululizo, mlima mi nawapa siku nzima. Bora upande mwanzo wa safari, ulale, unywe, ndo uzamie.

Na Blue Hole, lile shimo refu kwenye matumbawe pale ufukweni, nenda. Ila lile tao la kutokea baharini dari yake iko kina cha kama mita 55, na kuzamia kwa kawaida kunaishia 40. Vibao vya waliofia mle viko kwenye jabali pale pale ufukweni, visome kabla hujavaa. Mi wageni nawaingiza Bells, ufa mwembamba kaskazini kidogo, tunafuata ukuta wa matumbawe mpaka ukingo unaposhuka kama mita 7, tunaingilia Blue Hole hapo. Saa moja asubuhi, mawe hayajaanza kuchoma.