Kutoka gofu ya chuo hadi gofu ya kulipwa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Bingwa wa vyuo Marekani tayari ni tajiri, anasubiri tu kuhitimu.

Ukweli: Muulize Max Homa. Mwaka 2013, akisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitwaa ubingwa wa NCAA, michezo ya vyuo vya Marekani, kwa mchezaji mmoja mmoja. Msimu wa 2017, akiwa na kadi, yaani idhini ya kucheza PGA Tour, ligi kuu ya gofu ya kulipwa Marekani, alicheza mashindano 17, akavuka mchujo mara mbili. Mapato ya msimu mzima: dola 18,008. Tena hapo gharama hazijatolewa. Mcheza gofu hana mwajiri. Nauli ya ndege, hoteli, kocha na kedi anayembebea mfuko, vyote ni juu yake. Chuoni alikuwa analipiwa. Shindano ni la siku nne, na baada ya mbili za kwanza takriban nusu ya wachezaji hutolewa. Enzi hizo, aliyetolewa Ijumaa jioni alifungasha virago bila hata senti, na bili ya hoteli iko palepale. Homa alipoteza kadi, akaipata tena, na 2019 akashinda Wells Fargo Championship. Kufikia Januari 2023 alikuwa na mataji sita.

Dhana: Ukishinda, hela ni yako.

Ukweli: Si kwa mchezaji wa ridhaa. Januari 2024 Nick Dunlap, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama mwenye miaka 20, alishinda shindano la PGA Tour liitwalo The American Express. Zawadi ya zaidi ya dola milioni 1.5 ikaenda kwa mshindi wa pili, Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini. Ajabu ni kwamba tangu 2021 mwanafunzi ameruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya biashara! Siku chache baadaye Dunlap akaingia gofu ya kulipwa, na sioni nani angemlaumu.

Dhana: Mwenye kipaji asipoteze muda chuoni.

Ukweli: Tiger Woods aliondoka Stanford 1996 baada ya miaka miwili, na wengi bado wanamtolea mfano. Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu 2023, anayeongoza PGA Tour University, orodha ya ubora ya wacheza gofu wa vyuo, akimaliza masomo hupewa kadi moja kwa moja. Wa kwanza kuipata alikuwa Ludvig Åberg wa Uswidi, kutoka Texas Tech. Mwaka huohuo alicheza kule Roma kwenye Ryder Cup, pambano la timu za Ulaya na Marekani, na kushinda taji lake la kwanza la PGA Tour. Wanaomfuata kwenye orodha huanzia daraja la pili, Korn Ferry Tour.

Dhana: Asiyedumu PGA Tour amefeli.

Ukweli: Angalia waliocheza na Woods Stanford. Notah Begay alishinda mataji manne, mgongo ukamsumbua, akahamia uchambuzi wa televisheni. Casey Martin, ambaye ugonjwa wa mguu ulimfanya adai hadi Mahakama ya Juu ya Marekani haki ya kutumia kigari uwanjani, na akaipata 2001, aligeukia ukocha Chuo Kikuu cha Oregon 2006. Miaka kumi baadaye vijana wake walikuwa mabingwa wa vyuo.