Kwa nini ukijikwaa maumivu huja mara mbili?

Ukipanda mawe ya Kit Mikayi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, huku umevaa akala, ni rahisi kugonga kidole gumba cha mguu. Fuatilia kinachotokea. Kwanza unajua umegonga kitu. Papo hapo uchungu mkali unakuchoma, na mguu umesharudi nyuma wenyewe, maana amri ya kuuondoa hutolewa na uti wa mgongo bila kungoja ubongo. Halafu, ukidhani yamekwisha, linakuja wimbi la pili: uchungu mzito, wa kuungua, unaopwita na kukawia. Jiwe ni moja na kidole ni kimoja, mbona habari zifike kwa mafungu?

Jibu liko kwenye seli zinazozibeba. Seli ya neva inayohudumia kidole hicho ina kiini, lakini kiini chenyewe hakiko mguuni. Kiko kando ya uti wa mgongo, sehemu za kiunoni. Hapo unatoka uzi uitwao aksoni: tawi moja hushuka hadi kidoleni, jingine huingia ndani ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima uzi huo hufikia mita moja hivi, nao ni mwembamba kuliko unywele. Na hiyo ni seli moja tu! Sijaona ajabu nyingine mwilini inayoipita hii.

Habari hupita kwenye uzi huo kwa umeme, na wengi hudhani umeme huu hukimbia kama stima kwenye waya. Sivyo. Kwenye aksoni, chembe zenye chaji huvuka utando wa seli kiubavu. Nje kuna sodiamu nyingi, ileile ya chumvi ya mezani. Ndani kuna potasiamu nyingi. Pampu za protini hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana. Kwa kuwa potasiamu huvuja nje kidogo kidogo, upande wa ndani hubaki hasi, kama milivolti 70 chini ya nje. Kidole kikigongwa, vilango vya sodiamu hufunguka, sodiamu humiminika ndani, na kwa milisekunde moja hivi sehemu ile hugeuka kuwa chanya. Mgeuko huo hufungua vilango vya jirani, navyo vya jirani yao, hadi mgongoni. Nyuma yake potasiamu hutoka na hali hurejea. Waingereza Hodgkin na Huxley walieleza haya mwaka 1952 kwa kupima aksoni nene ya ngisi, wakapata Tuzo ya Nobel 1963.

Sasa mwendo. Nyuzi za mguso ni nene na zimeviringishwa mayelini, ala ya mafuta yenye mapengo. Mgeuko ule wa umeme huruka kutoka pengo hadi pengo, mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Nyuzi za uchungu mkali zina ala nyembamba: mita 5 hadi 30. Nyuzi za uchungu wa kuungua hazina ala kabisa, nazo hupeleka habari kwa mita 1 hivi kwa sekunde. Piga hesabu: kutoka kidoleni hadi mgongoni ni mita moja, basi wimbi la pili huchelewa kama sekunde nzima.

Umuhimu wa nyuzi hizi unajulikana vizuri Alupe, kaunti ya Busia, ambako kulikuwa na hospitali ya ukoma. Bakteria wa ukoma, waliogunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, huingia katika seli zinazozifunika nyuzi za neva. Mtu hukanyaga msumari au kaa la moto asisikie, akaendelea kutembea, na kidonda kikaoza. Vidole vingi vilipotea hivyo, si kwa laana. Tangu 1995 Shirika la Afya Duniani hutoa dawa za ukoma bure, nazo huwaua bakteria hao. Lakini neva iliyokwisha kuharibika mara nyingi haipati tena hisia zake, kwa hiyo baka lililopauka kwenye ngozi, lisilosikia ukiligusa, lipelekwe zahanati mapema.