Mamajusi walikuwa watatu?

Huku kwetu Unguja watoto wakiigiza Krismasi lazima mamajusi, wale wageni waliokwenda kumwona mtoto Yesu, wawe watatu tena na mataji, wengi tumekua tukiamini hivo. Lakini fungua Mathayo 2, idadi yao haipo kabisa wala hawaitwi wafalme, zilizotajwa ni zawadi, dhahabu na uvumba na manemane, basi watu wakahesabu zawadi wakapata watu. (Uvumba ndo ubani huu huu tunaofukiza majumbani, na manemane ni utomvu wa mti unaonukia.) Mi kinachonigusa zaidi ni kwamba walitoka mbali huko mashariki, wakaanguka wakamsujudia mtoto, hazina wakafungua baadae. Ni kama shangazi yangu, akija toka Wete kule Pemba na karafuu kazifunga kwenye pindo la kanga, mi naliangalia kwanza lile fundo, alivolikaza zisimwagike kwenye boti.